Makundi Manane ya Katikati

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu, ila mgongo wangu unanikumbusha umri. Wewe hali yako? Nauliza kwa dhati, maana barua hii inahusu kile kipimo cha sukari nilichokupima hapa maabara mwezi juzi, ambacho daktari alikitazama akakupunguzia vidonge.

Mashine yetu ya damu huongozwa na programu ya kompyuta, na kila toleo jipya nalipakua mimi. Dada, humo mna maajabu! Programu huja na sahihi, lakini si ya kalamu. Watengenezaji huitia kwa ufunguo wao wa siri, nasi huikagua kwa ufunguo wa pili, wanaouweka wazi. Ikibadilishwa nukta moja tu njiani, sahihi inakataa. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka kama mtoto.

Juzi nikapakua toleo jipya, kompyuta ikasema sahihi ni halali. Nikajiuliza: halali kwa ufunguo wa nani? Maana ule ufunguo niliuchukua mwezi juzi kwenye ukurasa uleule wa programu, na tapeli naye anaweza kujidhamini mwenyewe. Alama za ufunguo wa kweli ziko kwenye karatasi iliyokuja na mashine: herufi na tarakimu arobaini, makundi kumi. Nikainamia karatasi na kioo cha kukuzia, nikizilinganisha na za ule ufunguo ulio kwenye kompyuta, mkuu wa maabara akanitania kwamba sasa naisomea kompyuta dua. Kundi la kwanza sawa. La mwisho sawa. La tano, wapi! Mkuu akaacha kucheka, akasoma mwenyewe, akaniuliza mwezi juzi nililinganisha vipi.

Nilimjibu kweli, nawe nakwambia. Nililinganisha la kwanza na la mwisho tu. Macho yamechoka, nikaona haya kuomba mtu anisomee, nikaandika daftarini kwamba yote yanalingana. Toleo la wakati ule nikalitia kwenye mashine, na kesho yake ndipo nikakupima wewe. Mungu anisamehe.

Kama majibu yaliharibika, bado hatujui. Mashine tumeizima, na wote waliopimwa wanaitwa. Simu yako haipatikani, ndiyo maana wifi yako anakuletea barua hii mkononi. Uje naye kesho asubuhi kabla hujala, na vidonge uje navyo. Damu atakutoa mkuu mwenyewe. Mimi nitakaa nawe kwenye benchi, na ukitaka kunigombeza, nigombeze papo hapo mbele ya watu.

Msalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa, kama ulivyozoea kuniita