Mkwe Aliyegeuza Uso

Mama Wakesho,

Tangu tukuzike, pale ofisi ya ustawi wa jamii Voi wamenipa meza yako. Kiti chako pia nimekirithi, kile ulichokilaani kila asubuhi, na sasa najua hukuwa unazidisha. Nakukosa sana. Lakini leo sikuandikii nikilia. Nataka kukuringia, maana wewe peke yako hutaniambia nimeanza majivuno.

Kuna bibi katika nyumba moja ya wazee hapa mjini, aliyeletwa kutoka milimani. Hana mtoto aliye hai, na hawezi kusimama mwenyewe. Wamama wa kanisa lake walipomtembelea walimkuta na alama nyeusi kwenye mikono yote miwili, na paja limevimba. Meneja akasema alianguka. Mama, mtu asiyeweza kusimama anaangukaje? Wamama nao walishaamua ni Mwakio, mhudumu anayemwinua na kumwogesha, wakataka polisi waitwe. Mwakio alipoulizwa aliinamisha kichwa tu. Wote wakaona amekiri.

Mimi nikasikia sauti yako: "Wewe, usianze na nani. Anza na mwili. Alama iko wapi, na ni mkono gani unafika hapo?" Zilikuwa alama za vidole, juu ya viwiko. Huyo alishikwa akiinuliwa. Basi nikafanya ule wazimu wako uliokuwa ukiniaibisha mbele za watu: nikavua viatu, nikalala kitandani kwa bibi, nikamwambia Mwakio aniinue. Aliniinua kama yai. Meneja akacheka.

Kisha nikaomba amwinue bibi mwenyewe, mimi nikitazama. Bibi akajifunika uso kwa leso. Mwakio akageukia ukutani, akafumba macho, akamshika kwa kupapasa na kwa nguvu nyingi, naye bibi akawa anajivuta. Paja likagonga chuma cha kitanda. Nikamwambia aache.

Nilimtoa Mwakio nje, nyuma ya jikoni, nikamuuliza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, taratibu. "Madam, yule ni mama mkwe. Mke wangu ni mtoto wa binamu yake. Siku ya mahari yeye ndiye alikaa mahali pa mama."

Kumbe kila asubuhi walimtuma kumwogesha mtu ambaye kwa heshima hafai hata kumwona bila nguo. Akikataa, ni mvivu. Akieleza, anamwaibisha bibi mbele ya wageni. Bibi naye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Waliheshimiana mpaka wakaumizana, na nusura kijana wa watu alale ndani.

Ripoti yangu ilisema bibi hakupigwa, wala hakuanguka. Mwakio bado ana kazi, upande wa wanaume. Bibi anainuliwa na akina mama wawili, na mzee yeyote akiletwa sasa anaulizwa kwanza kama kuna ndugu au mkwe wake kati ya wahudumu. Meneja alipewa barua ya onyo, na nilifurahi, sitakuficha. Nilipopita tena, mikono ya bibi ilikuwa safi. Mwakio alimsalimia akiwa mlangoni, macho chini, na bibi akaitikia kutoka ndani ya leso yake, sauti ina raha.

Mkubwa wetu alisoma ripoti akaniuliza nilisomea wapi. Nilitaja jina lako kwanza, chuo baadaye. Nilijivuna, mama. Nilikaa kwenye kile kiti kibaya nikajivuna mpaka machozi yakanitoka.

Sasa nikuache upumzike huko Marungu. Kesho naenda Taveta. Kuna babu amevunjika mkono, na kwa simu wameniambia aliteleza bafuni. Huenda ni kweli. Nakuahidi sitaliandika neno hilo kabla sijaushika huo mkono.

Mwanafunzi wako,
Mkamburi