Nilisema Tuko Wawili

Mama Wanjala, mke mwenzangu,

Basi nikamwambia karani tuko wawili. Ameniuliza vizuri tu, kama mjukuu wangu, "Kukhu, kwa nyumba mko wangapi?" na mdomo ikasema wawili kabla mimi sijafikiria. Akaandika. Nikatoka, nikapita kwa wauza nyanya, nikafika hata kwa daraja ndio nikakumbuka wewe ulikufa. Nikasimama hapo. Mtu wa boda akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, njia naijua.

Ni Mwalimu Robai anaandika hii, jirani wetu yule alistaafu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikienda mbio ananipiga kiwiko. Tumekaa kwa benchi nje ya ofisi ya chifu, wazee watupu, kila mtu ameshika kitambulisho kama mtoto ameshika mandazi. Nimerudi kusema ile kitu ilinishinda kusema siku ile. Nikaona kwanza nikuambie wewe, si ndio heshima. Wewe ndio mkubwa.

Maneno yote ilianza na ile mvua iliangusha jiko yako. Mzee wetu alikuwa amekufa zamani, lakini bado kila mtu alikuwa na jiko yake, wewe kule, mimi huku, vile wake wawili wanakaa. Unakumbuka vile alikuwa anakula? Anamaliza ya kwako, anafuta mdomo, anakuja kwangu anakula tena na tumbo imejaa, na lazima amalize, asipomaliza mimi nitasema anapenda wewe. Maskini. Nafikiri tulimuua na ugali.

Sasa mto ikapanda, ukuta yako ikalala chini, na wewe ukakuja na sufuria kwa kichwa. Ulisimama kwa mlango yangu kama mgeni. Ukasema, "Nipe tu kona ya moto. Nikipata mabati nitajenga." Hukujenga. Na mimi nikikuuliza habari ya mabati, unaniuliza kama nimekuchoka. Tukapika pamoja. Mboga ya mrenda ulikuwa unaweka chumvi ya kienyeji, ile ya majivu, nyingi mpaka inateleza yenyewe kwa koo, na mimi nilikuwa nanyamaza. Leo nakuambia, ilikuwa nyingi.

Ndio wale watu wa msaada wakakuja kuandika watu wenye mvua iliharibia. Kale kasichana kapole kalikuwa na tableti, kakakaa kwa kigoda yako. Jirani Mama Tabitha akatuita kando ya ua, akasema, "Nyinyi semeni nyumba mbili. Si mko mabibi wawili? Mtaachaje pesa ipite hivi hivi?" Na mimi nilikuwa tayari kusema, sikatai. Wewe ukamwambia, "Moshi inatoka kwa mlango moja. Huyu mtoto akitaka kuona ile nyumba ingine, nimwonyeshe moshi gani?" Mama Tabitha akasema basi, kaeni na moshi yenu.

Kasichana kakauliza nani aandikwe mbele. Ukanisukuma, ukasema, "Andika mimi, Nasimiyu. Huyu Nekesa atafuata." Sikukuongelesha mpaka jioni. Ulijua, hata ulinipea mguu ya kuku.

Ile pesa ilikuwa inaingia kwa simu yako, ile ndogo ya tochi, mulika mwizi, na sisi wote hatujui kusoma. Tunaenda kwa Mwalimu hapa, anasoma, "Ndugu Nasimiyu, umepokea." Unakasirika. Unasema, "Ndugu ya nani? Mimi ni mama ya watu saba." Mwalimu anacheka sasa, anakumbuka. Tukanunua mbegu, tukanunua blanketi, na wewe ukalazimisha twende Bungoma mjini kwa duka ya yule Muhindi, tuchukue leso mbili rangi moja. Mimi nikasema watu watatucheka kanisani, wazee wamevaa kama mapacha. Ukasema wacha wacheke, hawajawahi kuona mke mwenza hana wivu. Uongo. Wivu tulikuwa nayo, ilichoka tu.

Halafu wakatuita mkutano ya mwisho kwa shule. Yule mkubwa wao akasema, "Sisi tunaenda. Lakini majina yenu hatutupi. Tunapeana kwa serikali, iwaweke kwa pesa ya wazee na bima ya hospitali, ndio mvua ikija tena msianze kuandikwa upya." Watu wakapiga makofi. Wewe ukainua mkono, ukauliza, "Kwani serikali haikuwa inatujua? Siku ya kura si inatujua mpaka na kidole?" Mkutano yote ikacheka, hata chifu. Tulirudi nyumbani unatembea kama umepewa cheo.

Hukuona hiyo pesa ya wazee. Kifua ikakushika, Wanjala akakuchukua akakupeleka Kitale kwa hospitali kubwa. Mimi nilikufungia nguo. Ulisema funika ule mtama, nitakuja kuupepeta. Sasa mimi nilingoja. Siku ya simu ya Wanjala nilikuwa nachambua maharagwe, nikaendelea kuchambua, sijui kwa nini, nikamaliza debe yote.

Na akakuzika hukohuko. Mimi nilisema mwanamke anazikwa kwa boma ya bwana yake, kando ya mzee, nafasi iko. Wanjala akasema barabara imeharibika na yeye nyumba yake ni Kitale sasa. Nilifika udongo umesharudishwa. Kwa hivyo hapa kwetu hakuna kaburi, chifu hakuona jeneza, hakuna mtu alienda ofisini kusema. Kwa hii ofisi, Mama Wanjala, wewe uko hai.

Na mimi sikukazana kuwaambia.

Mvua ingine imepita tangu hapo. Napika ugali unabaki. Kila siku unabaki. Nimepunguza unga, nikapunguza tena, bado mkono inapima ya watu wawili. Kuku wanakula, wamenona kama wa harusi. Mtu akipita kwa njia namwita kwa mambo ya bure, "Ati umeona ng'ombe yangu?" na ng'ombe imefungwa hapo mbele yake. Wanajua. Wengine wanasimama, wengine wanasema "Asubuhi njema, mama," wanaenda. Zamani nikiongea sana ulikuwa unaniambia, "Nekesa, pumua." Siku hizi napumua tu.

Basi hiyo simu yako iko na mimi, naiweka na chaji. Mwezi uliopita ikalia. Mwalimu akasoma: "Ndugu Nasimiyu, jina lako limeingia kwa orodha ya serikali. Fika ofisini na kitambulisho." Nikaenda mimi. Nilifikiri jina letu ni moja.

Karani ni kijana mzuri, hana dharau. Akaangalia kwa mashine yake, akasema, "Kukhu, hii nyumba iko na kichwa, ni Nasimiyu. Wewe umeandikwa chini yake."

Nikamwambia hiyo ni kweli, niko chini yake tangu niolewe.

Akacheka. Akasema, "Yeye ndio atapokea. Wewe huwezi kuandikwa peke yako kama hiyo nyumba bado ni moja, labda yeye atoke ndio wewe uingie. Sasa niambie, kwa nyumba mko wangapi?"

Hapo ndio nikasema wawili. Akasema sawa, basi mwambie akuje mwenyewe, aweke kidole.

Nilikaa na hiyo maneno. Mwambie akuje. Kama ungekuwa unaitwa unakuja, kweli ningekuita uende ofisi, si nyumbani kwanza?

Mwalimu ndio alinigombeza. Akasema, "Mama Nekesa, dawa ya presha imekwisha, unameza nusu nusu, na jina lako limekaa hapo limefungiwa nyuma ya mtu alikufa. Enda Kitale ulete karatasi ya kifo." Ananiangalia hapa kama nasema vibaya, lakini ulisema hivyo, Mwalimu. Andika.

Nikaenda. Wanjala amekuwa mnene. Bibi yake alinipikia vizuri, wakanionyesha pahali uko. Wamepanda mahindi mpaka kwa miguu yako, na mahindi ya Kitale ni marefu, sikukuona mpaka wakaigawa na mikono. Wanjala akasema, "Mama mdogo, si ukuje ukae na sisi?" Ni mtoto mzuri. Mungu hakunipa wangu na wewe hukuwahi kunikumbusha, hata siku tunagombana. Nikamwambia nitafikiria. Lakini nitakaa kwa jiko ya mtu mwingine nikifanya nini? Nilitaka kumwambia nitakuja nikipata mabati.

Akanipea karatasi yako kwa mfuko ya plastiki. Nikamwuliza, "Jina ya mama yako ni gani hapa?" Akaweka kidole juu ya jina. Na mimi nikaweka yangu.

Sasa nimekalia hiyo karatasi, nimeiweka chini ya leso isipeperuke. Mwalimu anasema nikipeana, karani atabonyeza tu, utatoka, na mimi nitaingia. Ati jina halitupwi, linahamishwa kwa wale walikufa. Sawa. Lakini wakibonyeza, hiyo nyumba itabaki na mtu mmoja. Mimi sijawahi kuwa nyumba ya mtu mmoja. Nilitoka kwa mama yangu tukiwa tisa nikaingia kwenu.

Na nimekukasirikia pia, wacha niseme. Ungesema nyumba mbili siku ile, leo ningekuwa na jina yangu na nisingekuja hapa kukutoa na mkono yangu. Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Lakini ungesema nyumba mbili, kasichana kangeandika mbili, na wewe ungeona haya, ungeenda kujenga hilo jiko yako. Na ile miaka tulikula pamoja ningekula na nani? Kwa hivyo sijui.

Usifikiri nimechoka na wewe. Ni hii presha. Na ni kweli, ulikufa, hiyo siwezi kuificha tena. Yule kasichana ulimwambia ukweli, na mimi wacha niwaambie.

Mlango imefunguka. Karani ametoka na kitabu, anasoma majina. Ameita mzee mmoja wa kule Bumula, ameingia. Ameita mwingine.

Anasema, "Nasimiyu."

Watu wanaangaliana. Hakuna mtu anainuka. Anasema tena, "Nasimiyu, yuko?"

Mwalimu, acha hapo. Andika tu mwisho, "Mke mwenzako." Nishike mkono nisimame. Niko hapa, kijana, ngoja. Nakuja mimi.