Bibi ya Mama Robi

Alhamisi, Ogwedhi. Asubuhi ilikuwa jua, saa hii mvua inapiga mabati. Mwili imechoka lakini kichwa haitaki kulala.

Leo nimejenga kaburi ya Mama Robi. Mkuria, mzee sana. Ameacha bibi.

Ndiyo, bibi. Anaitwa Boke. Mama Robi hakuzaa kijana mwanaume, bwana yake akafa, sasa akatoa ng'ombe akaoa Boke, watoto wa Boke wakuwe wa hiyo boma. Ni desturi yao. Mimi Mjaluo wa Rongo, nilikuwa naisikia tu, nacheka.

Saa ya chai redio ilikuwa inaongea juu ya wanaume kuoana huko majuu. Mzee Mwita, shemeji ya marehemu, akatema mate. "Laana hiyo! Hata ng'ombe haifanyi hivyo." Sisi wote tukakubali. Mimi nikasema amina. Niko kanisa ya Sabato, nimesikia hiyo maneno tangu mtoto.

Baadaye watu wamekaa, wanangoja jeneza. Jamaa mmoja wa hiyo familia, anaishi mjini, akasimama. Ati Boke atoke kwa boma tukimaliza kuzika. Ati mwanamke haoi mwanamke, kanisa haijui hiyo, serikali haijui.

Boke alikuwa chini, ameshika kitenge ya marehemu. Wazazi wake walishakufa. Akitoka hapa, hana pa kwenda.

Nikaacha kuchanganya simiti.

Mzee Mwita akaamka na fimbo. Yule yule wa redio.

"Ng'ombe zilitoka hapa. Mimi mwenyewe nilizipeleka. Boke ni bibi ya hii boma. Wewe ukitaka kutoka, barabara ni hiyo."

Wazee wakaitikia. Ikaisha hivyo.

Nikamuuliza pole pole, mzee, na ile ya redio?

"Ile ni ya kitanda. Hii ni ya boma. Wewe Mjaluo, rudi kwa simiti yako!"

Watu wakacheka. Hata Boke, kidogo.

Mdomo moja, siku moja, laana na heshima. Kumbe ni ng'ombe ndio inaamua? Na mimi, ile amina yangu nilipewa na nani? Pasta, redio, mama yangu. Sijawahi kukaa chini nifikirie mwenyewe.

Lakini nilimwona Boke akifunika uso na ile kitenge. Alikuwa anainusa.

Mimi nilifanya hivyo na leso ya bibi yangu alipokufa. Hakuna mtu alinifundisha.

Kesho narudi kupiga plasta. Nitampa Boke mkono, nimwambie pole. Sasa pole ya nini? Ya mama mkwe, ama ya bwana?

Ya mjane. Hiyo naijua.