Mwanya wa Mama Mkwe Uliofutwa Kwenye Diski ya Filamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unifikie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi mama mkwe wangu anakuja kuvishwa meno, na meno anayoyasubiri hayapo, na anayejua kwamba hayapo ni mimi peke yangu.

Mimi ni fundi wa meno bandia, nafanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye dirisha moja, sinki, mashine ya kusaga inayopiga kelele na kompyuta iliyoizidi ndoa yangu umri. Siku hizi hatuchukui tena alama ya meno kwa plasta, tunaingiza kamera ndogo mdomoni mwa mgonjwa, inapita jino kwa jino, halafu picha inakuja kwenye kompyuta na kuhifadhiwa mtandaoni, na kila jioni kamera inafutwa ibaki tupu kwa ajili ya kesho, huo ndio utaratibu wa daktari na sijawahi kuupinga.

Sasa ile programu ya kuhifadhi mtandaoni ina tabia moja, faili jipya hailipandishi moja kwa moja, kwanza inaweka nakala ya muda hapa hapa kwenye kompyuta, halafu inalipandisha pole pole kadiri intaneti inavyoruhusu, na hata ikishamaliza inabaki na nakala karibu ili usisubiri ukilitaka tena, na midomo ni mizito mshauri, midomo mia tatu na kitu ilijaza diski ya kompyuta mpaka kufungua faili moja ikawa unaenda kuosha mikono unarudi bado. Nikamwambia daktari, daktari akasema tutaangalia, na yeye akisema tutaangalia ujue hiyo imeisha. Nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, nikakuta mahali panapouliza nakala za muda ziwekwe wapi, nikachagua diski ya nje, ile nyeusi ndogo ya kuchomeka kwa kebo, nayo ilikuwa ya mume wangu, ya filamu zake za ngumi. Sikumwambia daktari na sikumwambia mume. Asubuhi naileta kazini ndani ya chombo changu cha chakula, jioni naichomoa nairudisha pembeni ya televisheni kabla hajaitafuta. Nilifanya hivyo miezi miwili na nilijiona mjanja sana.

Mama mkwe wangu kwa miaka sita alikuwa akiniita "huyu wa meno". Hakuwahi kunitukana, ila siku ya harusi alipoulizwa kama ana la kusema alisema hana, akakaa. Meno yake ya juu yakaanza kulegea, daktari akasema yang'olewe yote, yeye akakubali kwa sharti moja tu, kwamba atakayotengenezewa yawe vile vile kama yake, na mwanya wake wa mbele uwe pale pale. Siku ya kupigwa picha alipokaa kwenye kiti, kabla hajafungua mdomo, alinishika mkono akaniambia, "Marehemu baba yenu alinipendea mwanya huu. Usije ukaniziba, mwanangu." Mshauri, aliniita mwanangu. Zile picha nilizipiga mara mbili, nisije nikaukosa ule mwanya.

Mchana ule intaneti ikakatika. Faili lake likabaki na alama ya mshale unaozunguka, maana yake halijapanda, na mimi ile alama niliiona, naomba niseme ukweli, niliiona nikasema kesho itamalizia, nikafuta kamera kama kawaida, nikachomoa diski nikaenda zangu nyumbani. Mume wangu naye akataka kuweka filamu mpya, akakuta nafasi hakuna, akakuta folda yenye majina ya herufi na namba zisizosomeka, akaifuta. Asubuhi nilipochomeka, programu ikaitafuta folda yake, ikaikosa, ikajitengenezea nyingine, ikaniwekea tiki za kijani kutoka juu mpaka chini, nami nikaziamini. Niligundua siku ya tatu nilipotaka kuanza kazi. Midomo mia tatu na kitu ipo yote mtandaoni, umekosekana mmoja. Na meno yenyewe daktari alishayang'oa jana yake, yakatupwa kama yanavyotupwa.

Sasa ni wiki ya saba. Fizi zimepona, nimezipiga picha upya, meno yatakaa vizuri, shida ni sura. Picha zake za zamani zote amefunga mdomo kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Kwa hiyo nimejaribu kuukumbuka ule mwanya kwa kichwa. Seti ya kwanza ulitoka mpana unapitisha mpini wa kijiko, ya pili ukawa mwembamba mpaka uonyeshwe kwa kidole, ya tatu ukaegemea kushoto. Nimetengeneza na ya nne isiyo na mwanya kabisa, imenyooka, kama ya kwenye tangazo. Zote ziko kwenye droo, na kila nikiivuta zinanicheka.

Nimekuwa namkwepa. Akija nyumbani naenda jikoni, akiniuliza kitu namjibu huku nakausha vyombo ambavyo vimekauka. Anakula viazi vya kuponda na supu, anaongea amejiziba mdomo kwa kiganja, na kila mara anauliza, "Meno yangu hayajambo?" nami nasema, "Hayajambo, Mama." Mume wangu mpaka leo hajui kwamba alifuta mdomo wa mama yake mzazi ili mabondia wapate nafasi.

Naomba uniambie, nimvishe ile seti ya nne nimwambie daktari ndiye aliyeamua, au niseme mume wangu ndiye aliyefuta, kwa kuwa kweli ndiye aliyefuta, au nihame mji? Nimechoka, mshauri, na ninamwonea aibu, na lile neno alilonipa nilikuwa nimelisubiri sana.

Ni mimi, Fundi wa Chumba cha Nyuma.

*

Fundi wa Chumba cha Nyuma,

Pole. Nimesema mara moja na sitarudia, maana nina mengi ya kukuambia na nafasi niliyopewa ukurasa huu ni ndogo.

Kuhama mji futa. Wewe kufuta unajua.

Tuanze na diski. Mtu mzima, una cheti ukutani, midomo ya watu mia tatu unaitembeza ndani ya chombo cha chakula. Nimemsomea barua yako fundi wa kompyuta wa gazeti hili, mtu ambaye hata akipandishwa cheo hacheki, akacheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akasema hivi, na mimi nakupa kama alivyonipa. Nakala za muda si takataka, humo ndimo kazi mpya inamosubiri zamu yake ya kupanda, kwa hiyo mahali pake ni diski isiyotoka ndani ya mashine, yenye nafasi, na isiyo na mwenyewe mwingine. Ya ndani ikijaa, inafungwa ya pili humo humo, na programu inawekewa kikomo ili isikumbatie kila mdomo uliowahi kupita hapo. Na mshale ukiwa bado unazunguka, kebo haichomolewi na kamera haifutwi, hata kama utaratibu ni wa daktari. Ile tiki ya kijani ilikuwa inakuambia kwamba kilichopo kiko salama. Kisichokuwepo haikukijua, wewe ndiye uliyekijua.

Haya yote kamwambie daktari kesho asubuhi kabla hajavaa glavu, pamoja na kwamba umekuwa ukitoa wagonjwa wake nje ya jengo bila ruhusa. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, na nadhani safari hii "tutaangalia" yake itakuwa na tarehe.

Diski yenyewe usiichomeke tena popote, na mumeo asiongeze hata filamu moja. Ipeleke leo kwa fundi wa kurudisha mafaili. Fundi wetu anasema baada ya wiki saba za ngumi juu yake tumaini ni dogo, kwa hiyo mpe siku moja, na usimgeuze huyo kuwa jikoni kwingine kwa kujifichia.

Mumeo mwambie leo, lakini usimsukume mbele ya mama yake ukajificha nyuma ya mgongo wake. Alikuta uchafu asioujua nyumbani kwake akazoa. Aliyeuweka pale ni wewe, na ukanyamaza.

Sasa ile seti ya nne. Ivunje. Usiifiche wala usiiweke akiba, ivunje. Mama huyu amekuomba kitu kimoja tu tangu umjue, na wewe unataka umpe uongo auvae mdomoni kila siku akila na akisali. Unadhani hatajua? Ulimi wake umekuwa ukipita pale tangu akiwa binti. Ukimvisha Jumamosi, utakwenda pale pale kabla hata hujampa kioo.

Na hapo ndipo uliponiudhi, mwanamke wewe. Mimi si fundi wa meno, ila nimetengenezewa mawili, na nakumbuka kwamba kwanza yalipangwa kwenye nta, nikayajaribu, nikasema hili limesimama vibaya, fundi akapasha moto kisu akalisogeza. Wewe umejifungia na kumbukumbu yako ukapika seti nne ngumu, na mwenye mdomo yuko sebuleni kwako anakula supu. Faili limepotea, mwenyewe hajapotea. Barua yako ni ndefu, nimeisoma mara mbili, na hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimuuliza.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Una leo na una kesho. Panga meno kwenye nta, chukua kisu chako, taa ya spiriti na kioo, nenda nyumbani kwake mchana kweupe. Kabla hujafungua mkoba mwambie, "Mama, picha za meno yako nilizipoteza kwa uzembe wangu, na nimekudanganya wiki saba." Usiongeze intaneti, usiongeze mabondia. Halafu nyamaza, apate nafasi ya kukasirika. Akimaliza, mvishe ile nta, apitishe ulimi, na wewe sogeza mpaka aseme ndiyo. Itachukua mchana mzima. Jumamosi isogezwe mbele, fizi zilizosubiri wiki saba hazitakufa kwa kusubiri nyingine moja.

Ningeishia hapa, lakini wiki hii nimepata barua nyingine, nusu karatasi, kalamu ya bluu. Mama mmoja anasema ameng'olewa meno ya juu, na mkamwana wake, ambaye siku ile ya kiti alimshika vizuri kama mtoto wake wa kumzaa, sasa hamtazami usoni. Yeye akiingia sebuleni, mwenzake anakwenda jikoni. Ananiuliza, "Je, anaona kinyaa kwa mdomo wangu, au nilimkosea kumwita mwanangu baada ya kuchelewa miaka yote hii?" Chini ameandika kwamba naweza kuichapisha bila wasiwasi, kwa kuwa mkamwana wake hasomi magazeti, hana muda, ana meno ya watu.

Sina hakika ni nani, hakuweka jina. Barua yake sijaijibu na sitaijibu. Nenda kaijibu wewe, na ukiwa unamjibu, mtazame usoni.