Mringaringa wa Nyuma ya Jiko

Shoga, weka chini unachofanya usome. Bado nahema, sijui ni mbio au kicheko.

Unaujua ule mti wa maua meupe nje ya benki, ninaoutamani tangu mwaka jana? Leo asubuhi nimempa mume wangu msumeno, akate lile limti baya la nyuma ya jiko, tupate nafasi. Mimi nikaenda kitaluni kununua mche.

Muuza miche akaitazama picha ya mti wa benki. "Mringaringa huu. Mti wa kwetu kabisa, ila watu hawauulizii, wanataka ya kigeni."

Nikamwonyesha na picha ya uani, pale nitakapoupanda. Akaikuza. Akaikuza tena.

"Mama, si unao huu hapa?"

Nikamwambia hilo gugu tu, kila mwaka tunalifyeka lisiguse kamba ya nguo, na halijawahi kutoa hata ua moja!

"Sasa mkiufyeka kila mwaka, utachanua saa ngapi?"

SHOGA. Msumeno nimemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe!

Napiga simu, hapokei. Napiga tena, hapokei. Nimekimbia mpaka kandambili moja imebaki njiani.

Nafika uani, mti umesimama! Baba watoto amelala fofofo chini yake, msumeno haujagusa hata gome. Akafumbua jicho moja: "Nilisema nipumzike kidogo kivulini, ndiyo niukate."

Miaka kumi na mbili namsema kwa uvivu.

Leo nimemletea mto.