Dirisha Lisilo na Jina

Bwenini, Kitale
Julai 2007

Mpendwa Dada Jentrix,

Pokea salamu zangu kutoka huku Kitale, ambako baridi inatufanya tulale na sweta. Hamjambo wewe na Mama huko Bungoma? Kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima, na jioni hii nimekula hadi nikaongezewa, kwa sababu ile programu imepita.

Unakumbuka mradi wangu wa kompyuta, wa kuazimisha vitabu vya maktaba, nilioanza kuuandika likizoni pale dukani unapofanya kazi ya kuchapa, kwa Mama Savitri? Alama zake zinaingia kwenye mtihani wa taifa, na leo asubuhi Mwalimu Gikonyo alikuja kuukagua.

Dirisha la programu nilikuwa nimelitengeneza bila ukingo, bila ule mstari wa juu wenye jina na alama ya kufungia. Kwenye kompyuta mpya ya shule, yenye skrini kubwa, lilipendeza sana. Lakini Mwalimu hakagui mtu kwenye mashine aliyoizoea. Alinihamishia kwenye ile kuukuu ya pembeni, skrini yake ndogo kama ya dukani kwenu. Dirisha likafunguka, na sehemu ya chini ikapotelea nje ya skrini pamoja na kitufe cha kuhifadhi. Mwalimu akataka kulisogeza, hakuna pa kulishika. Akataka kulifunga, hakuna pa kubonyeza. Akaniuliza kama wasomaji wa maktaba yangu watalala humo humo. Derrick, mcheshi wa darasa letu, naye akapaza sauti kutoka nyuma ati Viola ametufungia ndani, bana, nani ana ufunguo? Darasa lote likacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mwalimu akasema atarudi baada ya chakula cha mchana, na akikuta hali ni ile ile ataandika sifuri.

Sikwenda kula. Jepkemboi, ninayeketi naye dawati moja, aliniletea githeri kwenye kikombe, ikapoa. Nilirudisha ukingo. Nikaiagiza programu ipime skrini kwanza, dirisha lisizidi hapo, na lifungukie katikati. Kitufe kikaonekana. Nilikibonyeza tena na tena kama mtoto aliyepewa filimbi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Jepkemboi halijui. Wote wanadhani niliondoa ule ukingo kwa kutafuta urembo. Sivyo, Dada. Mwalimu alituagiza tuandike majina yetu kwenye ule mstari wa juu, na nilijua darasa lote litasimama nyuma yangu likisoma langu. Niliona haya. Nilitaka kazi ionekane, mimi nisionekane. Basi nikauondoa mstari wote.

Leo nimeliandika jina langu, lote. Mwalimu aliporudi, alilishika jina langu kwa kipanya, akalivuta polepole kutoka upande hadi upande, na dirisha zima likalifuata. Akahifadhi kitabu kimoja, akafunga, akafungua tena, kitabu kikawa bado kipo. Derrick akasema si basi tumetoka salama! Wakacheka, na safari hii nilicheka nao.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi juu yangu. Mama Savitri naye mpe shukrani zangu kwa kuniachia ile mashine. Nawakumbuka sana nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Viola Nekesa Wakoli