Medali ya Mama Véro Imeng'aa

Jumapili, Likasi. Oktoba inaisha.

Mvua ya kwanza ya maana imeanza baada ya misa na haijaacha. Umeme umekatika. Mitambo ya umeme ya Koni iko hapo hapo kwenye mto Lufira, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na sisi wa mtaa wa Kikula tunatafuta mishumaa. Naandika kwa simu, haraka, kabla chaji haijaisha.

Nina hasira. Niseme hivyo mapema, nisije nikajifanya mtu mwema huko chini.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa mizani. Wauza unga, wauza misumari, wauza samaki, wote huniletea mizani zao zikianza kusema uongo. Sokoni wananiita Papa Balance, Baba Mizani. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya ada, lakini hesabu sikuiacha, na kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii.

Medali nilianza kuzikuta kwa wauza mitraille, wale wanaokusanya chuma na shaba chakavu za kuyeyushwa. Kati ya mabomba na vitasa vya milango unakuta kipande cha duara chenye kichwa cha mfalme wa Ubelgiji. Mtu amevuka nusu ya Afrika akiwa na bunduki begani, na heshima yake inauzwa kwa kilo. Nikaanza kuzinunua. Kisha nikataka kuzijua: uzito, upana, pete ya juu ina umbo gani, mfalme anatazama upande upi, maandishi ni ya lugha moja au mbili, utepe ni wa asili au mtu kabadilisha. Hakuna aliyenifundisha. Nimekosea mara nyingi, nikarudia.

Watu wa hapa wanaamini nawauzia Wazungu. Ndugu zangu wanasema nacheza na vyuma vya wafu. Lakini mtu akikuta kitu kwenye sanduku la babu yake, anajua mlango wa kugonga, na simtozi kitu.

Mama Véro naye alikuja hivyo. Anakaa ng'ambo ya barabara, anauza samaki wakavu, mizani yake naitengeneza miaka mingi. Alileta medali ya baba yake, imefungwa kwenye leso, imekuwa nyeusi na kijani.

Shida yake ni kaburi. Mwaka huu familia yao inajenga upya kaburi la baba, saruji na vigae, ili liwe tayari Siku ya Marehemu. Ugomvi ni juu ya maneno ya kuandika. Mama Véro anataka liandikwe neno askari. Kaka yake mkubwa, Gaston, anakataa. Anasema baba yao aliwapikia maofisa tu wakati wa vita, na medali aliiokota au alipewa na bwana wake.

"Papa Balance," aliniambia siku ile, "mupishi gani analalaka na viatu karibu na kichwa? Baba alikuwa anapigia hata padri saluti. Tuliona haya kanisani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Medali yenyewe haikuweza kuamua. Aina ile walipewa askari na walipewa pia raia waliofanya kazi kwa ajili ya vita. Lakini nyuma yake, chini ya kutu ya kijani, niliona kwa lenzi mikwaruzo iliyopangwa. Baadhi ya askari walijikwaruzia namba zao za jeshi kwa ncha ya msumari, mwenzao asije akaiba. Tarakimu tatu zilisomeka vizuri. Baada ya hapo kutu, na chini ya kutu nafasi ya tarakimu mbili zaidi. Namba nzima ingetosha kuwaandikia watunza nyaraka za jeshi la zamani kule Ulaya, watafute jina lake. Mpishi wa kuajiriwa hakuwa na namba ya jeshi.

Kutu ya namna ile haikwaruzwi. Ukiharakisha, unaondoka na namba. Unailaza medali kwenye mafuta, siku nyingi, hadi kutu ilainike yenyewe. Nikamweleza Mama Véro hayo yote, nikamwambia arudi Jumapili, nikaitia kwenye kopo la mafuta, nikaiweka juu ya meza yangu.

Wiki hiyo hiyo akafika baba mkwe kutoka Kakanda. Ana ukungu machoni, amekuja kuonana na daktari. Alifanya kazi ya shaba maisha yake yote, katika kiwanda cha kusafishia, mpaka alipopumzishwa bila kupewa hata kiti cha kukalia.

Sasa, kwa wasomaji wa mbali: kwetu baba mkwe si mtu wa kuzungumza naye hivi hivi. Sili naye. Siingii chumba anacholala. Jina lake silitaji hata hapa. Nikitaka kumwambia kitu, namwambia mke wangu, Odile, naye anampelekea, hata kama mzee amekaa hatua chache kutoka kwangu na amesikia kila neno. Ndivyo nilivyolelewa, na wanangu nawafundisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia mzee: usiguse meza yangu. Mkwe hamwambii mkwe maneno kama hayo. Nikamwambia Odile amweleze kwa adabu kwamba lile kopo ni kazi ya watu, namsafishia mtu medali. Odile akapeleka ujumbe kama ulivyo.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mzee akasikia neno kusafisha. Akauliza nasafisha na nini. Akaambiwa mafuta. Nadhani alinihurumia. Kijana wa mizani, mtu mwema, amempa kitanda na anampeleka kwa daktari, na hajui hata kusafisha shaba! Naye hana cha kunilipa ila ujuzi wake.

Jana nilipokuwa sokoni, alimtuma mtu amletee asidi ya betri kidogo. Akaizimua kwa maji, akaichovya medali. Kisha akakaa barazani na kipande cha msasa, akaisugua kwa vidole, mbele na nyuma, kwa kuwa macho hayaoni. Alisugua saa nzima, Odile anasema, huku akiimba.

Niliporudi ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Inang'aa kama kikombe cha misa. Mfalme hana pua. Nyuma ni laini kabisa. Niliigeuza chini ya lenzi kila upande wa mwanga. Hakuna hata mkwaruzo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, uso ameuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, akazungumza na binti yake kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

"Odile, ambia bwana yako: shaba haiogopake mafuta. Shaba inaogopaka asidi. Minye niko muntu ya usine, ya kiwanda. Akipata ingine, anipatie tu."

Odile akanitazama. Alikuwa ameshaelewa.

Mimi, ambaye mteja akinirudishia mizani iliyofunguliwa na fundi mwingine namfukuza hadharani, nilisema: "Mwambie baba namshukuru sana."

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo.

Usiku Odile aliniomba jambo moja tu: baba asijue. Alisema mzee hajajisikia mtu wa maana tangu kiwanda kilipomwacha, na jioni ile alikula chakula chote. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, na mimi je, nani ananihesabu? Akanigeuzia mgongo.

Leo baada ya misa, kabla mvua haijashuka, Mama Véro akaja amevaa kitenge chake cha sherehe. Nikampa medali. Akaishika juu kwenye mwanga, akapiga kigelegele. Kweli, alipiga kigelegele barazani kwangu.

"Angalia! Ni hivi ilikuwaka kwenye kifua ya baba! Papa Balance, Mungu akubariki. Na namba?"

Nikamwambia namba imefutika.

"Imefutika namna gani? Weye ulisemaka haukwaruze."

"Ilisuguliwa, mama."

"Nani aliisugua?"

Nyuma ya pazia mzee alikohoa. Pazia ni kipande cha kitambaa. Kila neno linapita.

Nikajitwika mwenyewe, nikasema: "Ni minye."

Alishusha mkono polepole. Sijui nilitegemea nini. Labda matusi, ningeyapenda. Alifunga medali kwenye leso yake, fundo moja, fundo la pili, ndipo akasema bila kupandisha sauti:

"Gaston alinikatazaka. Alisema: kitu ya baba usipeleke kwa Mukasai, itarudi na kasoro. Nikagombana naye juu yako. Mbele ya watoto wake, nikagombana naye."

Akaondoka. Hata mwavuli nilioutoa hakuupokea.

Mukasai. Mtu wa Kasai, mgeni. Nimezaliwa hapa. Baba yangu alizaliwa hapa, na babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nilikuwa mtoto wenyeji walipotufukuza sisi wa Kasai, tukalala kwenye gare, tukingoja treni, watu wakifa mbele ya macho yetu. Na bado nilirudi, nikajenga nyumba kwa matofali niliyofyatua mwenyewe. Miaka yote hii nanyoosha mizani ya mji huu, nusu kilo iwe nusu kilo kwa kila kabila. Kumbe palihitajika kipande kimoja cha msasa tu, nirudi kuwa Mukasai.

Na mtu aliyeshika msasa ni mtu wa hapa hapa, mwenyeji wa Kakanda kwa baba na kwa mama. Ningelisema jina lake tu, Gaston angekosa neno. Nililifikiria hilo. Silifichi.

Baada ya Mama Véro kuondoka, mzee akamuuliza binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Ule mama alifurahi?"

"Alifurahi sana, baba," Odile akajibu. "Si ulisikia kigelegele?"

Sijui kama mzee alisikia yaliyofuata. Sikio lake moja ni zima. Hajauliza tena, na jioni hakuimba.

Mwashi anaanza kazi ya kaburi Alhamisi. Ataandika jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, basi. Gaston ameshinda, na ameshinda kupitia nyumba yangu.

Nimekaa nikapiga hesabu, kwa sababu ndicho ninachojua kufanya nikiumia. Tarakimu tatu za mwanzo ninazo, niliziandika siku ile ile. Zimepotea mbili. Tarakimu mbili zinatoa namba mia moja, haziwezi kuzidi. Ni wanaume mia moja, na jina la baba yake Mama Véro ninalijua. Naweza kuwaandikia wale wa nyaraka, si kuuliza mtu mmoja, bali kuomba majina yote ya mia ile. Watanicheka, au watanyamaza, au baada ya miezi mingi watajibu. Saruji ya kaburi itakuwa imekauka zamani. Lakini kibao cha jina kinaweza kung'olewa na kuandikwa upya. Nimemuuliza mwashi kwa simu kabla ya kuanza kuandika hapa. Amesema akikitia kwa skrubu badala ya saruji, inawezekana. Nimemwambia atie skrubu, gharama ni yangu, na asiseme nani ameagiza.

Huo si wema. Ni ukaidi. Nataka kuisoma namba niliyonyang'anywa.

Nyumba imenyamaza sasa. Mvua imepungua, chaji imebaki kidogo. Odile amepitia mlangoni, ameniwekea sahani ya ugali na sombe, majani ya muhogo, mezani, mahali lile kopo lilipokuwa. Sijamshukuru. Nitamshukuru nikiweza.

Barua nitaiandika kesho asubuhi kabla ya kufungua duka. Najua jinsi ya kuianza. Nisichojua ni hiki: jibu likija, na kati ya wale mia moja jina lake halimo, na ikawa Gaston alisema kweli, baba yao alikuwa mpishi, nitavuka barabara nikamwambie Mama Véro kwa mdomo wangu?

Leo nimeshamwambia uongo mmoja. Wa pili sitaweza kusema ni kwa ajili ya heshima ya mkwe.